Stakabadhi

Fundi Lameki alikuwa amefika futi tatu
aliposema, Mama, hapa pana chuma.
Nikadhani bomba la maji la mamlaka,
tukasimamisha msingi wa banda la kuku.
Kumbe kiatu cha farasi.
Chini yake kingine, na kingine,
halafu taya, meno yamejipanga
kama mahindi ambayo mvua haikuyanyima.

Hapa ni Pasua, Moshi, chini ya reli.
Babu hakupaita Pasua. Alipaita kwenye ulezi,
hata mwaka niliozaliwa,
ulezi ulipokuwa umeondoka miaka hamsini.

Nikaingia ndani nikafungua kopo.

Karatasi ina rangi ya chai iliyomwagika,
imekunjwa mara nne, kila mkunjo umetoboka,
lugha yake hakuna aliyeisoma nyumbani
mpaka mimi nilipofika kidato cha pili:
Ekari nne. Ulezi, haujavunwa. Zimetwaliwa
kwa kambi ya jeshi katika ardhi ya adui.
Fidia rupia kumi na moja.
Italipwa vita vikiisha.

Ardhi ya adui.
Machi ile Wadachi walitoka usiku kuelekea Kahe,
wao walikuwa wakisema ardhi ni ya Kaisari.
Asubuhi wakaingia wengine na vumbi lao
wakasema ardhi ni ya adui.
Ndekusara, mama yake babu,
alikuwa amesimama na jembe katikati ya ulezi,
akisubiri mtu amuulize.

Siku tisa, mji wa turubai.
Wapunjabi na mbuzi wao, Makaburu na farasi wao,
wapagazi kutoka Ukamba na Nyanza,
kila mmoja na namba ya bati shingoni.
Reli ikaja mbio kutoka Voi
kama mtu aliyesahau chungu jikoni.
Kisha masika. Masika ya Moshi hayapigi saluti.
Mahema yakaogelea, mikate ikaota ndevu,
homa ikapita hema kwa hema
kama karani wa kodi.
Farasi walishuka wakiwa wanang'aa.
Mbung'o hakuwa na haraka.

Babu, mvulana wa miaka kumi,
aliwachimbia mashimo kwa ujira wa jemu.
Kopo hili ndilo ujira wenyewe.
Alisema farasi waliandikwa wote:
rangi, umri, namba iliyochomwa kwenye kwato.
Kulikuwa na mpagazi, Nzioka,
aliyekuja jioni kuomba moto,
akakaa akiutazama mlima kana kwamba unamdai.
Siku moja hakuja.
Babu akamuuliza karani.
Karani akafunua daftari, akalifunga.

Kwa hiyo Lameki sasa anachimba polepole.
Nimemwambia, ukikuta mfupa mwembamba, simama.
Banda tumelisogeza hatua saba, kwenye migomba.

Niliwahi kuipeleka karatasi ofisi ya ardhi.
Kijana akaisoma, akacheka kwa adabu,
akauliza, ni vita gani hivyo?
Rupia ilishakufa, Kaisari alishakufa,
shilingi imebadilisha picha mara ngapi sijui.
Lakini hakuna aliyekuja kulipa,
na karatasi imesema vikiisha.
Nikamjibu kijana kwamba, kwa maandishi haya,
bado vinaendelea.

Jana alipita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani.
Akavipima viatu: kilo kumi na tisa.
Akataja bei, kisha akasita,
akaangalia upande wa reli.
Siku hizi wanakamatwa.
Mama, akasema, usinielewe vibaya.
Hivi vitu una risiti yake?

Nikamwambia, ngoja.